Mnara Usio na Kazi

Wengi walitaka kuhudhuria mkutano wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, wakakosa nafasi au wakabanwa na kazi. Nimeombwa niiweke hotuba yangu hapa nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale, hata pale nilipopotoka njia kidogo.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote?

Wazee wangu mliotangulia kukaa, shikamooni. Mama zangu, asanteni kwa kutuandalia. Waongoza watalii, karibuni. Na nyinyi waashi mliojibanza kule nyuma kwa sababu mmetoka kazini na nguo zina vumbi la chokaa, njooni mbele. Leo nyinyi ndio wageni wa heshima. Viti hivi vya mbele ni vyenu.

Nilipoalikwa niliambiwa nizungumzie Fort Jesus. Nikakataa. Nitawaambia nini nyinyi kuhusu Fort Jesus? Humu ndani wamo watu waliozaliwa hatua mia moja kutoka lango lake. Nikaomba nizungumzie mnara ulio mbali, kwenye baridi, ukingoni mwa Bahari ya Baltiki, nchini Estonia. Mji unaitwa Tallinn. Wafanyabiashara wa kale waliujua kwa jina la Reval.

Mtauliza, Estonia inatuhusu nini? Sikilizeni kwanza historia yake, kisha mniambie kama haiwahusu. Ni mji wa bandari. 1219 alikuja mfalme wa Denmark akauteka. Karne iliyofuata Wadenmaki wakawauzia Wajerumani. 1561 ukaingia mikononi mwa Waswidi. 1710 wakaja Warusi. Kisha uhuru, kisha Wasovieti, kisha uhuru tena 1991. Kila aliyekuja alikuta ngome ya aliyetangulia, akaongeza ukuta wake juu yake. Na hapa kwetu Mombasa: Mreno, Mwomani, Mazrui, Busaidi, Mwingereza. Mnaisikia hadithi hiyo? Basi inawahusu.

Ukuta wa mawe wa Tallinn ulianza kujengwa 1265. Ulipofika kilele chake, karne ya 16, ulikuwa na urefu wa kilomita 2.4 na minara 46. Minara arobaini na sita, jamani, kwa mji ambao ukiamka mapema unauzunguka wote kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Leo imebaki minara zaidi ya 20 na kilomita karibu mbili za ukuta.

Swali langu la kwanza: ile mingine ilikwenda wapi?

(Hapa mzee mmoja akajibu: "Vita!")

Vita? La, mzee wangu. Nami nilidhani hivyo. Vita viliitoboa, lakini haikuondolewa na vita. 1857 Dola ya Urusi iliiondoa Tallinn kwenye orodha ya miji ya ngome. Maana yake, jeshi lilisema: huu ukuta hatuuhitaji tena. Tangu siku hiyo ukuta ukawa kikwazo. Unazuia mikokoteni, unazuia upepo, unazuia biashara. Milango ya mji ikaanza kubomolewa, mmoja baada ya mwingine. Lango la Viru lilikuwa na mnara mkubwa. Ukaangushwa, na baadaye tramu ya kukokotwa na farasi ikapata njia. Imebaki minara miwili midogo ya mbele, iliyokuwa kama baraza tu ya lango lenyewe. Leo watalii wanaipiga picha usiku na mchana wakidhani wameliona Lango la Viru. Wameona baraza. Nyumba yenyewe ilishaondoka.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ndiyo hii, na nitairudia mpaka mnichoke: mnara hauangushwi na adui, unaangushwa na kukosa kazi. Unaweza kuwa na miaka mia tano, unaweza kuwa na ukuta mnene kuliko chumba hiki. Siku mji utakapouliza "huu unatufaa nini?" na asipatikane wa kujibu, umekwisha.

Sasa niwapeleke kwenye mnara wenyewe niliokuja kuusimulia. Unaitwa Paks Margareeta, yaani Margareta Mnene. Umesimama upande wa bahari, ubavuni mwa lango lililokuwa likipokea mabaharia na bidhaa zao. Ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 16, mwisho mwisho wa zama zile za kati, mizinga ilipokuwa imeshabadilisha vita. Minara ya zamani ilikuwa mirefu na myembamba ili mlinzi aone mbali. Huu ni mfupi na mpana kwa sababu kazi yake ni kubeba mizinga na kuhimili mizinga. Kipenyo chake mita 25. Kimo chake mita 20. Unene wa ukuta unafika mita 5.

Mita tano, waashi. Hebu simameni kwenye tundu la mzinga muelekee nje. Mnatembea hatua sita, saba, ndani ya ukuta, mnapita mawe kushoto na mawe kulia, ndipo mnafika kwenye mwanga. Joto la mchana halipiti. Sauti ya barabara haipiti. Mtu aliyejenga vile alikuwa anaogopa, na alikuwa na pesa. Alitaka pia kila nahodha anayeingia bandarini auone na aelewe ameingia mji wa nani.

Je, uliendelea kuwa mnara wa mizinga? Hata. Vita vilihama, ukawa ghala la baruti na silaha. Silaha zikahama, ukawa gereza. 1917, mapinduzi ya Urusi yalipolipuka, umati wa wafanyakazi, askari na mabaharia uliuvamia. Walinzi wa gereza wakauawa, mnara ukachomwa moto. Ukabaki gofu, kuta nene zimezunguka majivu. Ghala, gereza, gofu. Mngesema sasa ndio mwisho wake, si ndiyo?

Haukuwa mwisho, kwa sababu kuna watu waliukumbuka kwa kazi mpya. Ulikarabatiwa, na tangu 1981 umekuwa Makumbusho ya Bahari ya Estonia. Ukafungwa tena kwa matengenezo makubwa, ukafunguliwa upya mwishoni mwa 2019. Leo ukienda unakuta watoto wa shule wamejaa kwenye ngazi, wanafukuzana, mwalimu anapiga kelele. Mnara uliojengwa kuua watu wanaotoka baharini sasa unafundisha watoto kuhusu watu waliotoka baharini.

Na sisi je? Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596. Mwingereza akaifanya gereza 1895, ikabaki gereza hadi 1958. Baadaye ikawa makumbusho, na 2011 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ngome ya Lamu, iliyokamilika miaka ya 1820, ilikuwa gereza mpaka 1984. 1984! Hiyo ni juzi. Wapo watu wazima Lamu waliokuwa wakipeleka chakula mle ndani. Nenda Unguja, Ngome Kongwe: imekuwa ngome, imekuwa gereza, reli ya Bububu iliitumia, kina mama wakapewa iwe klabu yao, na sasa ndani yake kuna ukumbi wa wazi ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likipigwa tangu 2004. Hizi ngome zetu hazikusimama kwa bahati. Zilisimama kwa sababu kila zama kulikuwa na mtu mwenye ufunguo, na mwenye sababu ya kufungua mlango asubuhi. Sababu nyingine zilikuwa mbaya. Gereza ni sababu mbaya. Lakini paa la gereza huzibwa likivuja.

Na jengo lililofungwa? Tuseme lile tunaloogopa kulisema. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale pale Forodhani, Unguja. Mle ndani ya ua liliwekwa jahazi zima la mtepe, lililoshonwa kwa kamba bila msumari, likajengwa 2003 ili vijana waone babu zao walivyosafiri. 2012 sehemu ya jengo ikaanguka, wageni wakazuiwa kuingia. Miaka ikapita. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, mbele ya jengo ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili wakapoteza maisha. Sitoi hukumu juu ya mtu yeyote, sina haki hiyo. Nasema tu kwamba majengo haya hayajui kusubiri.

Hoja yangu ya pili ni ya waashi zaidi. Ukipewa mnara utengeneze, unatengeneza nini, na unaacha nini?

Tallinn kuna mnara mwingine, Kiek in de Kök. Huu ulijengwa miaka ya 1470 na 1480, una kimo cha mita 38, na kuta za mita 4. 1577 majeshi ya Ivan wa Urusi, yule aliyeitwa Ivan Mkali, yaliuzingira mji na kuupiga mnara huu kwa mizinga mpaka wakautoboa juu. Mji haukuanguka. Tundu likazibwa. Lakini ukisimama nje leo ukautazama ukuta vizuri, unaona makombora ya wakati ule bado yamenasa kwenye mawe. Yako pale, ya duara, meusi, yamekaa kwenye mashimo yao tangu 1577.

Fundi wangu uliyekaa hapo mbele, nikuulize. Ungepewa kandarasi ya mnara ule, ungeyafanya nini makombora yale?

(Akajibu: "Ningeyatoa, nikaziba, nikapiga lipu." Watu wakacheka.)

Msimcheke. Amesema ukweli, na ni wengi wangefanya vile, tena kwa nia njema. Tumezoea kwamba kazi nzuri ni ile inayong'aa. Mwenye nyumba akija aone kama mpya. Lakini mnara ule ungepigwa lipu, tungejuaje kwamba ulipigwa na haukuanguka? Ile alama ndiyo kumbukumbu. Ukarabati wa jengo la kale ni kuamua usiguse nini. Mkono wa mwashi unajulikana kwa alichojenga, na pia kwa alichoacha.

Na hapa niseme neno kuhusu simiti. Najua mnalijua, lakini wapo vijana humu. Mawe ya Tallinn ni mawe ya chokaa. Matumbawe yetu nayo ni ya chokaa. Waliojenga kule walitumia chokaa iliyochomwa, na waliojenga hapa walichoma matumbawe juu ya magogo, wakailowesha, wakaiacha iive. Chokaa inapumua. Maji yakiingia ukutani, yanapata njia ya kutoka. Ukija wewe na simiti ukaziba nje, umeyafungia maji ndani. Yatatafuta njia kupitia jiwe lenyewe. Chumvi inakuja juu, inaganda, inalisukuma jiwe kutoka ndani, na baada ya misimu kadhaa ya mvua unaona simiti imesimama vizuri kabisa, ngumu, na jiwe nyuma yake limekuwa unga. Mmeshaona? Mmeona nyumba ngapi Mji wa Kale ziko hivyo? Kiraka kizima, ukuta umekufa.

Sasa wenye nyumba watanijibu kwamba simiti ni rahisi kupatikana, inakauka upesi, na fundi wa chokaa ni wa kutafutwa kwa tochi. Ni kweli. Ndiyo maana nataka mafundi wa chokaa wawe wengi, na walipwe. Tusimlaumu mwenye nyumba kwa kununua mfuko uliopo dukani.

Tukiendelea na hilo la kuacha alama. Chini ya Kiek in de Kök kuna njia za chini kwa chini, zilizochimbwa karne ya 17 zama za Waswidi ili askari wapite bila kuonekana. 1944 mji ulipopigwa mabomu, watu walijificha humo. Wasovieti wakayatengeneza mahandaki yao ya dharura humo humo. Baadaye vijana wenye nywele za rangi waliokimbia polisi wakajificha humo. Baada yao wakaja watu wasio na makazi, wakalala humo kwa sababu baridi ya kule inaua. Makumbusho ilipozichukua njia zile, ilifanya nini? Ingeweza kuonyesha askari wa Kiswidi peke yao, na kofia zao na mapanga yao. Haikufanya hivyo. Ukitembea humo unasimuliwa na wote: wa vita, wa mabomu, wale vijana, na wale waliolala kwenye sakafu ya jiwe.

Waongoza watalii, sasa nawageukia nyinyi, kwa mapenzi. Nimewafuata nyuma mara nyingi, nikijifanya mgeni. Mreno mnamweleza vizuri sana. Mbunifu Cairati kutoka Italia, mnamtaja. Ule mzingiro wa Waomani wa 1696 hadi 1698 mnausimulia mpaka mtu anasisimka. Mkifika kwenye gereza, mnasema sentensi moja: "Halafu Waingereza wakaifanya gereza." Halafu mnaelekea kwenye mizinga! Miaka sitini na mitatu kwa sentensi moja! Nani alifungwa? Kwa kosa gani? Alilala wapi, alikula nini, nani alikuja kumtembelea? Waliofungwa mle ni watu wa pwani hii na bara yake. Mreno ana wa kumsimulia Lisbon. Hao wetu watasimuliwa na nani?

Hoja ya tatu nitaipitia haraka kidogo, maana naona mama zangu wanaangalia saa na harufu ya mahamri imeshafika huku.

Mnara umepona. Umeutengeneza kwa chokaa. Unaweka nini ndani?

2015, mtaa wa Kadriorg pale Tallinn, wajenzi walikuwa wakichimba msingi. Wakagonga mbao. Zilikuwa mbao za merikebu iliyokuwa imezama karibu miaka 700 iliyopita, mahali ambapo wakati ule palikuwa maji na leo ni nchi kavu. Ni merikebu ya mzigo ya aina iliyokuwa ikibeba chumvi, nguo na nafaka katika biashara ya Baltiki. Wakaitoa, wakaihifadhi, na Paks Margareeta ulipofunguliwa upya 2019, merikebu ile ilikuwa ndani yake. Wakaiweka ndani ya mnara uliolinda bandari. Kila kitu mle ndani kina sababu ya kuwa mle na si kwingine.

Sisi tunacho cha namna hiyo, tena cha kwetu kabisa. Meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuokoa ngome wakati wa ule mzingiro, ikazama 1697 chini kabisa ya Fort Jesus. Wazamiaji wakaichimbua miaka ya 1970, na vitu vyake viko ndani ya ngome ile ile ambayo meli hiyo ilishindwa kuiokoa. Mnawapeleka wageni pale, najua. Mnawapeleka watoto wenu?

Kuna jambo moja zaidi kule Tallinn, na hili lilinisimamisha. Nje kidogo ya mnara, kwenye kilima chenye nyasi, kuna mnara wa kumbukumbu: upinde mweusi uliokatika katikati. Ni kwa ajili ya meli ya abiria Estonia, iliyozama usiku wa tarehe 28 Septemba 1994. Walikufa watu 852. Nilisimama pale nikapiga hesabu. 1994. Miezi mitano kabla yake, tarehe 29 Aprili, feri ya Mtongwe ilipinduka hapa kwetu, watu 272 wakafa. Mwaka mmoja, bahari mbili. Kwao makumbusho ya bahari yamesimama karibu na kumbukumbu ya wale ambao bahari iliwachukua. Mtu akitoka kutazama merikebu ya kale, anapita penye msiba wa juzi.

Je, mtoto wa Likoni anayeingia Fort Jesus leo anaambiwa kuhusu Mtongwe? Inamhusu Mtongwe kuliko Lisbon, au siyo?

(Hapa palikuwa kimya, kisha mama mmoja akataja jina la ndugu yake. Tukamwombea.)

Ahsanteni. Nimemaliza ya kusema, sasa ni ya kufanya. Baada ya chai tutatoka kwenda nyumba moja nyuma ya soko, ambayo mwenyewe ameturuhusu. Ukuta wake wa mbele una kiraka cha simiti na kiraka cha chokaa, mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Mafundi watavigonga vyote viwili kwa nyundo ndogo msikie tofauti, kisha watabandua kile cha simiti tuone jiwe lililo nyuma yake. Vijana wanaotaka kujifunza kuchanganya chokaa waandike majina kwa mwashi aliyekaa kiti cha kwanza, yule aliyetaka kupiga lipu. Msije na viatu vizuri.